Hori la Darajani Bado Limo Vitabuni

Ukifika Darajani, mjini Unguja, leo huoni maji. Hori, ule mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, lilifukiwa zamani, na juu yake imepita barabara. Lakini fungua riwaya za Unguja utalikuta limejaa tele: huku nyumba za mawe na milango ya nakshi, kule vibanda vya udongo na makuti, na mwandishi lazima asimame upande mmoja. Mimi naamini siasa ndiyo iliyokuwa ikimwonyesha pa kusimama, na muhimu zaidi, wakati gani wa kusema.

Mtazame Adam Shafi. Kasri ya Mwinyi Fuad ilitoka 1978, miaka 14 baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964. Humo bwana anadhulumu, watumishi wanateseka, Mapinduzi yanakuja kama mapambazuko. Mwaka uliofuata akatupa Kuli, ya mgomo wa makuli wa 1948. Kuli naipenda sana. Ukiisoma unahisi uzito wa gunia begani. Ila riwaya zote mbili zinamshitaki bwana wa jana. Bwana wa siku zile zilipoandikwa haguswi.

Anakuja kuguswa katika Haini, mwaka 2003. Hiyo inatuingiza gerezani, kwenye kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Rais Karume, Aprili 7, 1972. Shafi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliofungwa. Hesabu basi: tangu zile risasi hadi kitabu, miaka 31, na katikati yake vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa mwaka 1992. Mtu aliyeweza kuwasemea makuli na watwana, ya selo yamkae kifuani muda wote huo! Siamini hata kidogo kwamba alikosa maneno.

Abdulrazak Gurnah yeye aliondoka Unguja akiwa kijana, miaka ya 1960, akaandikia Uingereza. Huko aliweza kuandika juu ya familia zilizovunjika na watu waliokimbia baada ya 1964. Lakini aliandika kwa Kiingereza. Peponi, tafsiri ya riwaya yake ya 1994, ilitufikia 2022, baada ya Tuzo ya Nobel ya 2021, nayo inasimulia bara kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Aliyebaki alisubiri, aliyeondoka akasema kwa lugha ambayo wengi wa jirani zake wa zamani hawaisomi. Hili linaniuma.

Kwa hiyo mtoto wa Michenzani anayesoma Vuta N'kuvute, riwaya nyingine ya Shafi, darasani anaijua vizuri Unguja ya mkoloni, Denge akiwakwepa makachero na Yasmin akiwa roho juu. Ile ya bibi yake, ya foleni za chakula mwanzoni mwa miaka ya 1970, ya kunong'ona hata ndani ya nyumba yako, anaisikia vipande vipande barazani, na watu wazima hunyamaza akikaribia. Naitaka riwaya ya foleni zile, kwa Kiswahili cha Unguja, bibi akiwa bado hai wa kusomewa.