Msitathmini nyumba za watu kama fedha za fidia hazipo

Wiki hii nimesikia tena kiongozi akiwaambia wananchi wanaosubiri fidia ya kupisha mradi wa serikali: "Vuteni subira." Nyumba zao zimepimwa, zimepigwa picha, zimeandikwa namba ukutani kwa rangi, kisha kimya. Imeniuma.

Hakuna anayekataa reli wala barabara. Ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake, na Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 inamruhusu kuitwaa kwa manufaa ya umma. Sawa. Ila ibara ya 24 ya Katiba haimruhusu yeyote kumnyang'anya mtu mali yake bila fidia inayostahili, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe mapema.

Shida iko kwenye kulipwa mapema. Shangazi yangu alipothaminiwa, aliambiwa asiendeleze chochote. Mahindi apande, mikorosho asipande. Bati la jikoni likatoboka, na yeye akaogopa kuita fundi asije akaambiwa kavunja agizo; kila mvua ikinyesha anakinga sufuria palepale penye mafiga. Huku yeye akisubiri, viwanja alikotaka kuhamia vinazidi kupanda bei, na kiasi kilichoandikwa kwenye fomu yake ni kilekile. Huyo mama ameshapoteza ardhi yake kabla hajalipwa hata shilingi, na hakuna anayehesabu hasara hiyo.

Sheria inaihesabu. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 inasema miezi 6 ikipita tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe tathmini na hujalipwa, riba inaanza kukimbia. Miaka 2 ikipita, tathmini hiyo imekufa; inafanywa upya. Ni haki yako, na unaidai kwa maandishi.

Mengine nayataja tu. Fidia haiishii kwenye nyumba na mazao: kuna posho ya usumbufu, posho ya makazi inayolingana na kodi ya pango ya miezi 36, usafiri wa tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Na asikudanganye mtu kwamba hulipwi kwa sababu huna hati. Haki miliki ya kimila ina hadhi sawa na ile ya kupewa na serikali kwa hati.

Najua bajeti huchelewa, na najua maofisa wa wilaya hawachapishi fedha. Basi wathamini wasitumwe kijijini mpaka fungu la fidia liwe limetengwa. Na tarehe ambayo Mthamini Mkuu ameidhinisha tathmini ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji au mtaa, ili kila aliyethaminiwa ajue miezi yake 6 imeanza lini. Leo wengi wanaijua tarehe hiyo siku wanayoitwa kuchukua hundi.