"Kuna hitilafu" si taarifa

Hivi karibuni niliombwa nisaidie kutafuta kwa nini malipo ya baadhi ya wateja yanakwama kwenye mfumo fulani. Nikafungua faili la logi, yaani daftari ambamo programu huandika yanayotokea inapofanya kazi. Mistari chungu nzima, yote imeandikwa vilevile: "Kuna hitilafu." Hitilafu gani? Kwenye muamala upi? Katika hatua ipi? Hamna. Aliyeandika msimbo ule alilidaka kosa, akalitupa, akabakiza habari kwamba kuna kitu alikidaka.

Inaniuma kwa sababu wakati mstari ule unaandikwa programu ilikuwa na kila kitu mkononi: namba ya muamala, kazi iliyokuwa ikifanyika, ujumbe wa hifadhidata, hata mstari wa msimbo kosa lilikoanzia. Punde si punde vyote vimefutika kwenye kumbukumbu ya mashine, havirudi tena. Na makosa yanayosumbua zaidi ni yale yanayotokea seva ikielemewa, ambayo kwenye kompyuta yako hayajitokezi hata ufanyeje. Logi ndiyo shahidi pekee. Andika basi: "Imeshindikana kuhifadhi malipo, muamala=8841, hatua=uhakiki, hifadhidata haikujibu ndani ya sekunde 30." Anayeusoma usiku wa manane anajua pa kuanzia. Kwenye lugha ya Python, ndani ya except (sehemu inayodaka makosa), tumia logger.exception, nayo itaambatanisha mfuatano mzima wa kosa bila wewe kuhangaika. Kila ombi linalotumwa kwa seva lipe kitambulisho pale linapoingia, kionekane kwenye kila mstari unaolihusu, maana maombi mengi yakishughulikiwa kwa pamoja mistari yake huchanganyikana na hakuna macho yatakayoitenganisha.

Wapo watakaosema logi zinajaza diski na kupunguza kasi. Haya, ni kweli. Weka utaratibu wa kuzungusha mafaili (kufungua jipya la sasa likijaa) na kufuta ya zamani, tuendelee.

Jingine: sanidi logi mara moja tu, programu inapoanza. Moduli ya logging imo ndani ya Python tangu toleo la 2.3 la mwaka 2003, lakini bado watu wanaandika logging.info, hawaoni kitu, wanarudi kwenye print, amri ya kuandika kwenye skrini. Usipoigusa, huonyesha kuanzia ngazi ya WARNING (onyo) kwenda juu, na info iko chini ya hapo. Saa ziwe za UTC, yaani saa ya kimataifa.

Na nywila zisiingie humo kamwe, wala namba za kadi. Mei 2018 Twitter iliwaomba watumiaji zaidi ya milioni 330 wafikirie kubadili nywila, kwa kuwa zilikuwa zikiandikwa wazi kwenye logi ya ndani kabla hazijafichwa. Anayemwaga ombi zima kwenye logi "ili tuone kila kitu" anaweka siri za watu mahali ambapo hakuna aliyepanga kuzilinda.

Nikikagua msimbo wa wenzangu, mstari wa logi ya kosa usiotaja kitambulisho wala sababu naurudisha, hata kama mengine yote yako sawa.