Mbio za sekunde 20 darasani

Swali lilikuwa nusu jumlisha theluthi. Kidato cha kwanza, shule ya kata wilayani Rungwe, wanafunzi 90 na ushee. Mwalimu alikuwa amepata projekta ya kuazima, akakusanya vishkwambi saba vya walimu wenzake, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kisha wakagawiwa walimu, akagawa darasa makundi saba na kufungua Kahoot, mchezo wa maswali wa mtandaoni. Muziki ukaanza, saa ikahesabu sekunde 20 kurudi nyuma, darasa likawa kama uwanja wa mpira.

Nilikaa dawati la nyuma. Kwenye kundi lililokuwa mbele yangu, kijana mmoja alikishika kishkwambi tangu mwanzo hadi mwisho. Wengine kumi na zaidi walikuwa mashabiki wake.

Sisemi hivyo kuukejeli mchezo. Wanaoutetea wana hoja, tena nzito. Kwa chaki na ubao, mwalimu huuliza swali, mikono minne ileile inanyooka, naye anaondoka akiamini darasa limeelewa. Mchezo unamlazimisha kila anayebonyeza achague, na mwalimu anaona papo hapo wangapi wamekosea. Na wapo wanaokumbusha shindano la Global Learning XPRIZE mkoani Tanga, ambako watoto wa vijijini walipewa vishkwambi vyenye masomo ya Kiswahili wakajifunza kusoma na kuhesabu. Timu za Onebillion na Kitkit School ziligawana ushindi mwaka 2019. Ila wale walijifunza nje ya darasa, kila mmoja na kifaa chake, kwa mwendo wake. Kuchukua matokeo yao kutetea vishkwambi saba kwa watu 90 ni kulinganisha ndizi na parachichi.

Kinachonisumbua zaidi ni saa. Kahoot hutoa hadi pointi 1,000 kwa jibu sahihi, na kwa kawaida anayechelewa hupunguziwa hata kama amepatia. Sasa mfikirie mtoto aliyetoka shule ya msingi ya serikali, miaka saba akisoma kwa Kiswahili, leo anasomewa hesabu kwa Kiingereza. Zile sekunde 20 anazimalizia kwenye kusoma swali. Ubao wa washindi utasema hajui hesabu, kumbe hajui lile neno la tatu kwenye sentensi. Muda unaweza kuongezwa, ndiyo, lakini walimu wengi niliowaona huuacha ulivyo kwa sababu bila pilikapilika shangwe inapoa.

Makundi ya WhatsApp ya kutuma kazi za nyumbani sina mengi ya kuyasemea. Yanafaa pale mzazi ana simu janja na bando. Mwenye kitochi atasikia habari za zoezi siku mtoto anapoadhibiwa kwa kutolifanya.

Kipo kifaa kingine ambacho hakina mbwembwe hata kidogo, na ndicho ningekipigia kura. Kinaitwa Plickers. Kila mwanafunzi anashika karatasi yenye mchoro wa mraba. Akiigeuza upande A unakuwa juu, au B, C, D. Mwalimu anapitisha kamera ya simu yake juu ya darasa, majibu yote yanaingia. Intaneti inahitajika kwenye kifaa kimoja tu. Seti kubwa ina kadi 63, kwa hiyo darasa letu halienei, na hapo ndipo uhaba ukageuka faida: wawili wawili kwa kadi moja, lazima wabishane kabla ya kuinua.

Mwalimu yuleyule aliijaribu wiki iliyofuata, swali lilelile. Katikati ya kipindi mvua ya Tukuyu ikashuka juu ya bati, hakuna aliyemsikia mwenzake. Hakuhangaika. Aliandika ubaoni, akanyoosha kidole, kadi zikapanda. Nyingi zilisema B, jibu la mbili kwa tano (2/5), yaani wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Kwenye Kahoot kosa hilo lilipita kwa sekunde chache, wimbo ukaendelea na swali jingine. Safari hii alichora mkate, akaukata nusu, akaongeza theluthi, kisha akaandika: mbili kwa tano ni ndogo kuliko nusu, mkate umeongezwa, umepunguaje?

Wakageukiana, midomo inachezacheza chini ya kelele za bati. Kadi zikapanda tena. B zilikuwa zimebaki chache, na mwalimu alijua ni za madawati yapi.