Babu Hakuwa "Mfanyabiashara wa Mkonge"

Jumanne usiku, saa nne na ushee, kaka yangu mtoto wa baba mkubwa alitupia faili kwenye grupu la ukoo. Kurasa 31. Jalada lina ngao na mikuki miwili, na chini yake herufi za dhahabu: historia ya ukoo, toleo la mkutano wa Desemba. Faili halijamaliza kufunguka kwenye simu yangu, makofi na maua yalishajaa. Nilifika ukurasa wa 9, nikaigeuza simu kifudifudi mezani, nikaenda jikoni kunywa maji.

Ukurasa wa 9 unasema babu yetu alikuwa "mfanyabiashara wa mkonge mkoani Tanga".

Mfanyabiashara! Babu alikuwa anaukata, jamani. Kwa kisu, alfajiri, miba ikimchoma miguu, na mali ya mwenye shamba. Kama huo ndio ufanyabiashara, basi anayesugua masufuria hotelini Zanzibar ni mwekezaji wa utalii.

Babu alikuwa manamba, kibarua wa mkataba kwenye shamba la mkonge. Naliandika neno lenyewe kwa sababu kwenye kurasa zote 31 halimo hata mara moja. Kwetu Songea watu walisema "ameenda Manamba" kana kwamba Manamba ni mji, una stesheni na soko. Waliokwenda walipewa namba, na namba ikameza jina. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuzoa watu, SILABU, na malori yakawa yanawafuata vijana Songea, Njombe, Kigoma, mpaka Ruanda-Urundi, kokote kwenye mikono mingi na kodi ya kichwa isiyolipika. Kila mwenye mvi upande wetu anaijua SILABU. Sasa fungua historia ya ukoo wowote iliyotundikwa mtandaoni uone: manduna watupu, wale wakuu wa vita wa Kingoni. Ya kwetu ina manduna 6 katika vizazi 4. Ukiwajumlisha manduna wote wa Kingoni waliomo kwenye mafaili ya namna hii, hakuna aliyebaki wa kubeba mizigo ya jeshi, na sutu, yaani mtu wa makabila yaliyotekwa na Wangoni, hajawahi kuzaliwa.

Halafu tarehe. "Alizaliwa 12 Machi 1919." Nani aliyeangalia kalenda siku hiyo? Mama yake?

Nasema hivi kwa sababu nilikwenda kumtafuta. Miaka mitatu iliyopita nilichukua likizo, nikapanda basi mpaka Songea, nikaenda parokia aliyobatizwa, moja ya zile zilizozaliwa na Peramiho, misheni ya Wabenediktini. Nilifikiri ni kazi ya asubuhi moja.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikabisha hodi.

"Milele amina. Unataka cheti cha ndoa au cha shule?"

"Sitaki cheti. Nataka kumsoma babu yangu."

Mama wa ofisi akanitazama kama mtu aliyeomba kuazima altare. "Una kesi ya shamba?"

Nilikasirika, lakini nikiwa mkweli swali lake halikuwa la kijinga. Vitabu hivi vinatafutwa na watu wenye kesi za mirathi, na wale wanaotaka kupunguza miaka kidogo kabla ya kustaafu. Mtu anayekuja kwa mapenzi tu hana fomu yake. Siku ya kwanza nikarudishwa, ya pili nikarudishwa. Ya tatu paroko akaruhusu kwa masharti: simu ibaki mezani kwake, niandike kwa penseli, na mzee mmoja katekista mstaafu akae nami.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililoniokoa. Mzee yule alikuwa anausoma mwandiko wa mapadre wa Kijerumani kama wewe unavyosoma ujumbe wa simu. Mimi niliona nyasi zilizoinamishwa na upepo, yeye aliweka kidole, akasema, "Hapa ni Jumamosi Kuu, mwaka 1936."

Kitabu chenyewe ni kikubwa kama ubao wa kusukumia chapati, gamba jeusi, kona ya chini imeliwa na mchwa kwa umbo la nusu mwezi, kurasa arobaini hivi kwenda chini. Kila mtu ana mstari mmoja unaovuka kurasa mbili, na kila mstari una namba. Ndiyo, na padre naye alimpa namba. Ila mbele ya namba hii kuna jina: jina la mtakatifu wa Kibenediktini, katika mafungu yale yaliyotupa Waplasidi na Wameinradi mpaka leo. Kuna kijiji. Kuna msimamizi. Kuna umri: "circa 17". Yaani kama miaka kumi na saba, padre kakadiria kwa macho. Hiyo ndiyo 12 Machi 1919 ya kaka.

Halafu wazazi. Baba yake, jina moja, na pembeni "pag." Mama yake, jina moja, na pembeni "pag." Mpagani. Tusidanganyane kwamba vitabu hivi vina upendo. Vifupisho vyake ni vya watu waliokuja na mizani yao. Lakini nilisimama hapo kwa mama. Kwenye faili la kaka, vizazi 4, hakuna mwanamke hata mmoja mwenye jina kabla ya bibi. "Akaoa", "akazaa", basi, watoto wanaota kama uyoga. Jina la mama yake babu hakuna aliyekuwa analijua, si baba mkubwa, si baba yangu. Mgeni mmoja mwenye ndevu, aliyemwita mpagani, ndiye aliyemuuliza babu "mama yako anaitwa nani?" na akaliandika. Silitaji hapa, nimewaambia nyumbani.

Mzee katekista akafunika mkono wangu wa penseli. "Usifunge. Soma ukingoni."

Ukingoni kulikuwa na wino mwingine, wa buluu, mwandiko mwingine. Wakatoliki mnajua: ukifunga ndoa parokia ya mbali, taarifa inarudi ulikobatizwa na kuandikwa kando ya jina lako, ili usije ukaoa mara ya pili ukijifanya kapera. Ndoa ya babu ilikuwa ya 1949, kwenye parokia moja upande wa Korogwe. Kwa hiyo kijana ambaye kwa mwenye shamba alikuwa namba, na kwa wenzake nyumbani alikuwa "yule aliyepotelea Tanga", aliweza kumtajia padre wa huko alikobatizwa, na padre akaandika barua, na barua ikasafiri kutoka Korogwe mpaka Songea ikafika, na mtu akachovya kalamu akaandika maneno machache. Jina la bibi limo. Wazazi wake Wabena, na makazi ya bi harusi ni shamba lilelile la mkonge.

Faili la kaka linasema bibi alikuwa "binti wa kichifu kutoka Njombe". Alikuwa binti wa manamba mwenzake babu, kaka yangu. Alikulia kambini.

Sensa? Sensa haikunipa kitu, au ilinipa kitu kibaya. Hesabu ya 1931 ilipitia kwa majumbe, wakatoa idadi. Ile ya 1948 ilikuwa ya kisasa zaidi, na majedwali yake yamechapishwa: wilaya kwa wilaya, kabila kwa kabila. Wajukuu wa vibarua wa Uingereza wanafungua sensa ya 1881 wanamwona babu yao kwa jina, kazi "mkulima kibarua", mke, watoto, umri. Mimi nimeshika jedwali la 1948, nimepita na rula mpaka kwenye Wangoni waliohesabiwa mbali na Ungoni, na babu ni moja kati ya tarakimu hiyo. Ukimtoa, tarakimu inapungua kwa moja. Hapo ndipo alipo.

Kuna karatasi ya tatu, na hii haimo ofisi yoyote. Bibi alipofariki tulifungua sanduku lake la bati. Chini kabisa, chini ya vitenge vyenye harufu ya nondo, kulikuwa na kipande, kadi ya kazi ya manamba. Kadi ngumu, imekuwa rangi ya chai, ina namba juu na visanduku 30. Mnaojua mnajua: siku moja ya kazi iliyokamilika, kisanduku kimoja. Majani unayafunga thelathini thelathini, mafungu yasipotimia hesabu ya siku, siku hiyo haiandikwi, hata kama jua limekupiga tangu alfajiri. Na mshahara ni mpaka visanduku vyote vijae.

Kadi ya babu imejaa visanduku 22. Vinane ni vyeupe.

Nimeikodolea macho kadi hii kuliko picha yoyote niliyo nayo. Alikuwa mgonjwa? Alitoroka? Alikatwa na kisu? Walihama shamba kwenda jingine wakamwacha msimamizi na hesabu yake? Siku 22 za kukata mkonge ambazo kwa kadi hii hazikulipwa, na mtu badala ya kuitupa akaikunja, akaitunza, mke wake akaitunza baada yake kwa zaidi ya nusu karne. Hawakutunza kanzu wala saa. Walitunza deni. Nipeni mfanyabiashara mmoja wa mkonge aliyekufa akiwa na ushahidi wa kuaminika namna hiyo.

Ndiyo maana ukurasa wa 9 umenichoma. Singekuwa na neno kama kaka angeandika tu "alifanya kazi Tanga". Lakini kumvika babu koti la tajiri ni kuwapokonya ile kadi yeye na bibi, ni kusema tulikaa kikao tukaona maisha yenu halisi yanatuaibisha mbele ya wakwe. Aibu ya nini hasa? Enzi hizo Tanganyika iliongoza dunia kwa mkonge. Kamba zilizofunga meli na nyasi za mifugo ya Ulaya zilipita mikononi mwa watu kama yeye. Tunamkumbuka kwa jina Hindorf, Mjerumani aliyeleta miche 1893, ikasalimika 62 tu. Miche imehesabiwa mmoja mmoja! Aliyeikata hatajwi, na sasa hata wajukuu zake wanaona bora asitajwe.

Nimtendee kaka haki kidogo, kidogo tu. Amepiga simu kwa watu zaidi ya mia, amepata majina ya watoto wa Mbinga ambao sikuwa nawajua, na gharama za kuchapa anatoa mfukoni mwake. Na manduna walikuwepo kweli, sikatai. Songea kuna makumbusho nzima ya Majimaji, si hadithi. Labda mmoja kati ya wale 6 ni wa kwetu. Kuhusu maparokia: pigeni picha vitabu vile, hata kwa simu ya katekista, mchwa hasubiri idhini ya jimbo.

Nilipotulia nikaandika kwenye grupu, kwa adabu, shikamooni wazazi wangu, kwamba babu alikuwa manamba, na nikaambatanisha picha ya kipande. Kimya. Mtu mmoja akaweka mikono ya kusali. Kaka akajibu kwamba "tusichafue hali ya hewa, hizi ni tafsiri tu za kihistoria".

Alfajiri ya Jumatano ikaingia sauti ya shangazi, mkubwa wa watoto wa babu wote. Dakika nne. Shangazi huwa haandiki, na mimi, mtafiti mkubwa niliyekula vumbi la basi siku mbili kwenda kusoma Kilatini, sikuwahi kumuuliza kitu. Alianza kwa kukohoa. Akasema anakumbuka miundi ya baba yake, ilikuwa na makovu madogo madogo ya miba kuanzia kifundoni mpaka gotini, na yeye akiwa mtoto alikuwa anayahesabu jioni akiwa amelala miguuni kwake, na hakuwahi kuyamaliza kwa sababu usingizi ulikuwa unamchukua. Akasema kambini walikuwa wanalala wakisikia korona, mashine ya kusaga majani ya mkonge, ikifanya zamu ya usiku, na walipohamia Songea mama yake alishindwa kulala wiki nzima kwa ukimya. Kisha akamwita kaka kwa jina lake la utotoni.

"Mimi nimezaliwa kambini, mwanangu. Kwenye hicho kitabu chako umeniandika nimezaliwa wapi?"

Nimerudi kuangalia. Ukurasa wa 14: "Tanga mjini." Kaka amesikiliza. Faili linakwenda kuchapwa Ijumaa.