Noti Zenye Damu

Hajati, mwenye nyumba wangu huku Kisenyi, Kampala, haamini noti mpaka ailaze chini ya kile kitaa chake cha zambarau cha kukagulia pesa bandia. Jioni moja nikampelekea kodi, noti za 50,000 tupu. Akawasha taa, akaruka.

"Damu! Mwanangu, umemfanya nani?"

Kila noti ilijaa alama za vidole vyangu, nyekundu, zinawaka.

Mchana ule maabara nilikuwa nachanganya polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, inayotoa mwanga wa buluu na kampaundi ya yuropiamu, moja ya metali adimu. Glavu tulizopewa, sijui nani alizinunua, zilitoboka hata kabla ya kuvaliwa. Na kampaundi yenyewe haiyeyuki kwa maji, kwa hiyo kunawa kwangu kulikuwa kujipapasa tu.

"Hajati, si damu. Yuropiamu peke yake ni mvivu wa kunasa mwanga. Polima ndiyo inaunasa, inazipa nishati molekuli zilizoizunguka yuropiamu, nazo zinaikabidhi yuropiamu, ndipo inawaka nyekundu, urefu wa wimbi nanomita 612 hivi. Buluu ya polima inafifia."

Hajati akafikiri.

"Kwa hiyo polima ndiye mwizi, akampa jirani, jirani akampa huyu yu… yu nani?"

"Yuropiamu."

"Na huyo ndiye kakamatwa na mali. Hakai mtaa huu!"

Mwanasayansi Mjerumani Förster alieleza uhamisho wa nishati wa aina hii mwaka 1948 kwa hesabu zilizonitoa jasho darasani. Hajati kaumaliza kwa pumzi moja.

Akaitwa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa. Nikampa mkono kwa adabu, yote miwili. Akaamuru niweke vidole chini ya taa: vyekundu vyote. Kijana wa bodaboda akanimulika usoni. Nilikuwa nimekula rolex njiani, ile chapati ya kuviringishwa na mayai, midomo ikawaka kama ya bibi harusi. Waliokuwa mlangoni wakarudi nyuma.

"Mtu msafi hana wasiwasi," mwenyekiti akasema, akikunja mkono wa shati. "Tazameni wangu."

Kiganja kizima kikawaka.

Hajati akajifunika mtandio vizuri. "Na wewe, mwenyekiti?"

Mkono ukaingia mfukoni upesi.

"Hajati, elimu haidharauliwi. Tumsikilize kijana. Ebu rudia, mwanangu, taratibu: hiyo polima ilimpa nani?"