Chemba imejaa, gari iko P

Mimi sina ugomvi na ukwaju. Ugomvi wangu ni na yule bwana aliyeamua kwamba mahali pa kuwekea kikombe pawe pale katikati ya viti vya mbele, shubiri moja kutoka kwenye gia. Kwao Japani pengine ni sawa. Barabara zao hazina matuta matatu mfululizo mbele ya shule, halafu la nne lisilo na rangi wala kibao, ambalo wananchi wamejijengea wenyewe usiku.

Kigari changu ni mtumba kama mitumba mingine, cc 1300, gia oto. Kila asubuhi nikiwasha, dada mmoja humo ndani ananisalimia kwa Kijapani. Mwaka mzima nilikuwa namwitikia "Marahaba." Nilipokuja kuambiwa na mtu anayejua, kumbe si salamu. Anadai kadi ya ETC, ile ya kulipia barabara za kasi za kwao. Yaani niko zangu Tabata, Dar es Salaam, nimechelewa kazini, natakiwa kulipia barabara ya Osaka.

Sasa Jumamosi ya juzi natoka Buguruni, mama Ashura pembeni. Pale kwenye kikombe imesimamishwa chupa ya maji ya lita moja na nusu, ndani juisi ya ukwaju. Ukwaju wenyewe katuma mama mkwe kutoka Dodoma, kwa hiyo hauruhusiwi kukosolewa. Kifuniko kimepotea. Mdomoni pamechomekwa karatasi.

"Mama Ashura, hebu ishike hiyo chupa."

"Nimeshika simu."

Mbele yangu bodaboda akakatiza na abiria wawili na godoro. Nikakanyaga breki. Gari ikasimama, ukwaju ukaendelea na safari.

Tulifuta. Nisisingiziwe kwamba hatukufuta. Mama Ashura alitoa khanga yake mpya kabisa, na hiyo khanga nimeshaanza kuilipia kwa masimango. Kwa juu pakang'aa, nikajua yamekwisha. Gia ya oto ukiitazama kwa juu unaona mkono, kitufe na zile herufi zake, P ya kuegesha mpaka L. Unadhani chini ni chuma kimoja tu kimechomekwa. Kumbe chini kuna ofisi nzima! Kuna nyaya, springi, swichi ndogo kama punje ya mahindi, na solenoidi, ambayo ndiyo bawabu wa ofisi. Wewe ukikanyaga breki, swichi iliyoko kwenye pedali inawasha taa za nyuma na kumtumia bawabu umeme. Naye anavuta kijiti chake, ndipo unaruhusiwa kutoka P. Hujakanyaga breki, hutoki. Sasa huyo bawabu ndiye niliyemwogesha ukwaju wenye sukari robo kilo.

Jumapili kitufe kikaanza uvivu. Ukikibonyeza kinaingia, kurudi mpaka kitafakari. Jumatatu ufunguo ukakataa kutoka. Nazima gari, navuta ufunguo, wapi! Ile swichi ya punje ya mahindi, ambayo kazi yake ni kuiambia gari "tumefika P, mwachie mzee ufunguo wake," ilikuwa imegandiana. Gari haiamini kwamba imeegeshwa. Nikalala na sikio moja nje, ufunguo unaning'inia humo ndani kama zawadi kwa mwizi. Mama Ashura akanituliza kwa namna yake: "Lala, baba. Mwizi wa gari hiyo atairudisha mwenyewe."

Jumanne niliwakuta sisimizi. Wamejipanga mstari mmoja kutoka kwenye kiti, wanapita P, wanapita R, wanapita N, wanaingia D bila kukanyaga breki. Jumatano mimi nikashindwa kufanya walichofanya sisimizi. Nimekanyaga breki, nimebonyeza kitufe, nimevuta kwa mkono mmoja, kwa miwili, kwa bismillahi. Gia iko P, na P ndiyo imeshafunga magurudumu ya mbele, husukumi kwenda popote.

Na imegomea wapi? Getini. Jumanne nilirudi usiku, nikaegesha hapohapo kwenye njia nikisema asubuhi natoka mapema. Nyumba yetu ya kupanga ina familia sita na choo cha kushirikiana. Wiki hiyohiyo chemba ilikuwa imejaa, na gari ya majitaka imeshalipiwa kuja Jumamosi. Gari ya majitaka inapita wapi? Getini.

Ghafla nikawa mtu maarufu. Watu ambao hatujaongea tangu uchaguzi wananiulizia hali ya gari. Mama mwenye nyumba akanifuata mwenyewe, amejifunga mtandio mpaka puani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jumamosi saa sita, baba Ashura."

Hakuongeza neno.

Nikampigia fundi wangu. Mimi niko Tabata, yeye yuko Gerezani, ile ya Kariakoo, hajaiona gari hata picha yake, lakini hakumeza hata mate: "Hiyo bosi ni gia boksi." Kila ugonjwa kwake ni gia boksi. Siku taa ya ndani ilipoungua aliniuliza gia boksi ikoje. Nikamweleza habari ya ukwaju, akashuka kidogo: gia liva nzima ya mtumba, laki na sabini, kufunga, elfu hamsini, nauli juu yangu. Nikasema laki mbili na ishirini, kwa juisi ambayo hata sikuinywa? Naitengeneza mwenyewe.

Usiku nikachoma bando lote kumtazama Mzungu mmoja kwenye simu. Gereji yake safi kuliko chumba cha upasuaji. Ana taa kichwani, glavu mpya, na kila skrubu anayoitoa anaiweka kwenye kisahani chake. Kamaliza kwa dakika kumi na moja. Mtu akisema "easy" mara nne ndani ya dakika kumi na moja, ujue anakutakia mabaya.

Jumamosi saa moja asubuhi nikaanza. Nikachomoa kwanza waya wa hasi wa betri, maana ukichokoa nyaya kwa bisibisi ukiwa na umeme unaweza kuunguza fyuzi, au kitu kikubwa zaidi. Hilo nilifanya vizuri na naomba likumbukwe. Halafu ile plastiki inayozunguka gia. Haina skrubu kwa nje, imeshikwa na klipu, na inatakiwa uitekenye taratibu kwa kitu kisichochubua. Mzungu ana kifaa chake maalumu. Mimi nilichukua mwiko wa ugali. Klipu ya kwanza ikatoka vizuri. Ya pili ikasema *kwaa*, na hiyo haitarudi tena.

Ndani! Jamani, ndani mlikuwa na shamba. Karanga, tiketi ya mwendokasi, shilingi mia mbili, na juu ya vyote ukwaju umekauka, mweusi, unang'aa kama lami ya barabara iliyozinduliwa jana. Kijana wa bajaji anayekaa chumba cha uani akachungulia. "Mzee baba, puliza oili hapo, inaachia yenyewe." Nami nikamsikiliza, kwa sababu alikuwa na chupa ya kupuliza mkononi na mtu mwenye chupa mkononi huonekana ana elimu. Tukapuliza. Oili ikachanganyika na sukari, sukari ikachanganyika na vumbi, na ndani ya robo saa nilikuwa nimetengeneza ubuyu wa Zanzibar. Ulibaki kutiwa rangi tu.

Saa tano na nusu honi ikalia getini. Gari ya majitaka imewahi. Yaani kitu pekee nchini kilichowahi siku hiyo.

Familia zote sita zikatoka nje. Mimi nimelala kifudifudi juu ya viti viwili, miguu iko nje ya mlango, mikono imenata. Dereva wa majitaka, mtu mzima mwenye buti za mpira, akashuka, akainama dirishani, akatazama kwa muda mfupi sana.

"Shehe, hiyo plastiki uliyotoa iko wapi?"

Nilikuwa nimeilalia. Akaiokota, akanionyesha karibu na herufi P kijifuniko kidogo, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kimeandikwa SHIFT LOCK. Akaniomba bisibisi. Palepale ambapo kile kifuniko huwa juu yake, akakandamiza kijiplastiki cheupe, akavuta gia. Ikatoka P ikaja N, gia huru, huku inalia kwa kunata.

"Gari nyingi za oto zinayo hii," akasema. "Ni kwa dharura kama hizi. Kanyaga breki, weka handbreki, toa kifuniko, bonyeza, unaweka N, mnasukuma."

Tangu Jumatano. Ningeweza kuitoa tangu Jumatano kwa ncha ya bisibisi. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Vijana wanne wakaisukuma gari mpaka chini ya mwembe, bomba likaingia chemba, na mimi nikaendelea na ufundi wangu kwenye harufu ambayo siwezi kuieleza kwa watu waliokwisha kula.

Aliyeniokoa ni mama Ashura. Alikuja kuutafuta mwiko wake. Akatazama ule ubuyu, akatazama chupa ya oili. "Baba Ashura, sufuria niliyopikia shira ya kaimati, naiosha kwa oili?"

Nikanyamaza.

"Nauliza, naiosha kwa nini?"

"Kwa maji ya moto."

Akaenda jikoni.

Basi kumbe ndivyo. Sukari haijui oili, inajua maji. Tulitumia maji ya vuguvugu, kidogokidogo, kwa bomba la sindano la kumnyweshea mtoto dawa, tukiyapokea kwa kitambaa yasimwagikie nyaya. Mswaki wa zamani ukasugua kona. Kisha spiriti ya duka la dawa kufukuza unyevu, na milango wazi juani saa mbili nzima. Ile swichi ya punje ya mahindi ikaanza tena kusema *tik*. Na chini ya kijiti cha bawabu, imekaa imetulia kama mpangaji mwenye mkataba, nikaikuta kokwa ya ukwaju. Nzima!

Nikaiinua juu watu waione. "Mama Ashura! Hii juisi ilichujwa?"

"Chujio kaliazima mama mwenye nyumba."

Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama palepale. Kesi ikafutwa.

Nikafunga kila kitu. Nikaingia, nikakanyaga breki, nikangoja ule mlio wa bawabu. Kimya. Nikakanyaga tena. Kimya. Dakika kumi nimekaa na paji la uso kwenye usukani, napiga hesabu ya laki mbili na ishirini, naona nitakopa wapi. Ashura, miaka tisa, akaja akasimama mlangoni.

"Baba, ile waya ya betri umesharudisha?"

Nikairudisha. Breki. *Tak!* Gia ikateleza P, R, N, D kama imepakwa samli. Ufunguo ukatoka. Nikautia, nikautoa, nikautia tena nikautoa, mama Ashura akasema basi, utaisha.

Hasara nayo ipo. Betri ikichomolewa redio ya Kijapani inajifunga, sasa imeandika mstari mrefu inadai namba za siri ambazo aliyeziweka yuko kwao anakula wali. Kwa hiyo hatuna mziki, hatuna taarifa ya habari. Yule dada wa ETC, yeye hakusahau chochote. Asubuhi ya Jumatatu wa kwanza kuongea alikuwa yeye, kadi iko wapi.

Na ipo skrubu moja imebaki. Fupi, nyeusi, kichwa cha nyota. Nimetafuta tundu lake kila mahali silioni, na gari inatembea vizuri, kwa hiyo nimeiweka kwenye kisahani cha majivu. Kila tuta inagonga. Jana tunashuka Buguruni, mama Ashura amepakata chupa ya ukwaju kwa mikono miwili, simu kaiweka kwenye pochi, akatega sikio.

"Nini hicho kinagonga?"

"Chenji."

"Nipe basi, ninunue ndimu."