Herufi 52 za mwenyekiti

Kompyuta ya Osborne 1 ilitoka Marekani mwaka 1981 ikiuzwa dola 1,795, na kilichoifanya iitwe ya kubebeka ni mpini. Uzito wake kilo 11 hivi. Ofisi yetu ilipopata moja iliyokwisha tumika, kila mtu aliisifu kwamba ni nyepesi, kisha nikakabidhiwa mimi niibebe.

Siku ya kikao nikapanda nayo ngazi. Mlinzi akanionea huruma: "Pole fundi, cherehani gani nzito hivyo? Mapazia yako chumba cha pili." Sikuwa na pumzi ya kumjibu.

Ukiilaza na kufungua lachi zake, kifuniko ndicho kibodi. Ndani kuna matundu mawili ya flopi, yaani diski za kuhifadhia kazi, na katikati yake kioo cha inchi 5. Wajumbe wakaja kuchungulia mmoja mmoja, maana wakija wawili wanagongana vichwa. Betri ndani haina, kwa hiyo waya nikaupitisha chini ya viti hadi kwenye soketi ya ukutani, nyuma ya mwenyekiti.

Sasa, kioo kile huonyesha herufi 52 tu kwa upana. Mstari ukizidi hapo unaendelea kulia, usikouona, na ukitaka kuusoma wote lazima ubonyeze vitufe ili maandishi yasogee. Mchapaji huzoea upesi. Balaa ni msomaji mgeni.

Mwenyekiti, mzee wa heshima zake, hakuamini kwamba muhtasari unaweza kuandikwa kikao kikiendelea. Akavaa miwani, akaja, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akasoma kwa sauti ukumbi mzima usikie:

"Wajumbe wote wamekubaliana kwamba mwenyekiti aondoke."

Akarudia kusoma, safari hii midomo tu ikicheza. Akavua miwani. "Mmekubaliana saa ngapi?"

"Mheshimiwa, sentensi bado inaendelea," nikasema huku natafuta kitufe cha mshale. Na kweli iliendelea: "kesho kuwapokea wageni." Tena kazi hiyo aliiomba mwenyewe! Lakini mzee alikwisha geuka kuwakabili wajumbe, na katika kugeuka huko mguu ukanasa kwenye waya. Plagi ikachomoka, kioo kikawa cheusi. Kumbukumbu yake ya kilobaiti 64 haishiki kitu umeme ukikatika, na ukurasa ule ulikuwa haujaingia kwenye flopi.

"Washa!"

Nikawasha. Flopi ikakoroma weee, mwishowe ikatokea herufi A na kialama chake pembeni, basi, ikatulia ikingoja amri.

Mzee akaigusa ile A kwa kidole. "Wageni wako wapi hapa?"

Nikawageukia wajumbe wanitetee. Ghafla kila mtu akawa na jambo la maana kwenye makaratasi yake. Mhasibu alijifunika leso usoni, mabega yanamtikisika. Aliyeinua mkono ni makamu mwenyekiti, ambaye tangu asubuhi hakuwa amechangia hata neno.

"Ndugu wajumbe," akasema kwa upole kabisa, "kwa kuwa hoja imeshaingia kwenye muhtasari, mimi naiunga mkono."